Korosho yangu ina nodi 2,140, pindo haligawanyiki, kijani kimefifia

Pindo_na_Mji

Asalam aleikum wenzangu. Najifunza kuchora kwa kompyuta na zoezi nililojipa ni leso kamili: pindo (ukingo), mji (sehemu ya katikati) na jina (maandishi). Natumia Inkscape (ya michoro ya vekta) na GIMP (ya picha za pikseli), maanake zote mbili ni za bure, kwenye laptopu ya RAM ya GB 4. Tableti ya kuchorea sina, nina mausi tu.

Mapambo ni mawili. Kuna korosho, lile pambo lenye tumbo na mkia uliopinda, na kuna ua lililonakiliwa kutoka nakshi za mlango mmoja wa Ndia Kuu, Mombasa. Yote nimeyachora kwa penseli, nikayapiga picha kwa simu, nikayatia Inkscape na kuyapitisha kwenye Trace Bitmap, inayogeuza picha kuwa mistari ya vekta. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Korosho moja imetoka na nodi (vituo vinavyoshika mstari) 2,140. Ukingo wake una meno kama msumeno, na nikiigusa kompyuta inaganda. Pindo nalo nimelirudia kipande kwa kipande, lakini nikifika kwenye kona kinabaki kipande nusu, na baina ya vipande kuna kistari cheupe chembamba kama uzi. Nikahamia GIMP, nikafungua ukurasa wa sentimita 150 kwa 110 kwa dpi (nukta kwa inchi) 300, nayo ikaganda. La mwisho ni kijani: kwenye skrini kinang'aa, kwenye karatasi kimefifia kama jani la jana.

Nianze kurekebisha wapi?

KalamuYaBezier

Waaleikum salaam. Anza na korosho. Ukishaipata hiyo, mengine yatakuwa mepesi.

Trace Bitmap haijui korosho ni nini. Inachokiona ni pikseli nyeusi na nyeupe, nayo inazungusha uzi penye mpaka wa weusi na weupe. Sasa mstari wa penseli una kingo mbili, ya nje na ya ndani, kwa hivyo ulichopata ni umbo la mstari, si umbo la korosho. Jaribu kulitia rangi uone: rangi itakaa kwenye uzi na tumbo litabaki tupu. Ongeza chembe za karatasi na kivuli cha mkono, ndiyo hizo nodi 2,140.

Korosho inataka nodi 5. Picha ya penseli iweke kwenye tabaka la chini, ipunguze mwonekano hadi asilimia 40 hivi, kisha lifunge tabaka hilo kwa alama ya kufuli lisisogee. Fungua tabaka jingine juu yake, bonyeza B upate kalamu. Nodi ya kwanza iweke kwenye ncha ya mkia, kwa kubofya tu bila kuburuta. Nne zilizobaki ziweke pale tao linapofikia mwisho wake: juu kabisa shingo inapopinda, kushoto kabisa, chini kabisa, kulia kabisa. Hizo ubofye na uburute, na unapoburuta ushike Ctrl. Ctrl inaunatisha mkono wa nodi, kile kijiti kinachotoka kwenye nodi kuongoza tao, kwenye pembe za digrii 15, kwa hivyo ni rahisi kuulaza au kuusimamisha wima. Nodi ya juu na ya chini mikono yake ilale. Ya kushoto na ya kulia mikono yake isimame. Ukishika hilo peke yake, matao yako yatatulia.

Urefu wa mikono ndio unaowasumbua wengi. Kipimo cha kuanzia kichukue kwenye duara: duara la nusu kipenyo cha milimita 10, likiwa na nodi 4, mikono yake ni milimita 5.5 hivi kila upande. Hesabu yenyewe ni 0.552 ya nusu kipenyo. Tao likiwa la kubana, mikono ifupike. Likiwa la kunyooka, irefuke. Mikono ya nodi mbili jirani ikipishana, tao litaota kigongo au kujikunja fundo.

Baada ya hapo bonyeza N, uingie kwenye nodi zenyewe. Ncha ya mkia ipige Shift+C iwe kali, zilizobaki Shift+S ziwe laini. Tao likikataa kukaa juu ya mstari wa penseli, usiongeze nodi. Rekebisha mkono kwanza. Kila nodi ya ziada ni mahali pengine ambapo ukingo unaweza kuvunjika.

Na usiikimbilie Ctrl+L ya kurahisisha njia, yaani mstari uliouchora. Ukiibonyeza mfululizo kwa haraka, kila bonyezo linakata kwa nguvu kuliko lililotangulia, na kitakachoyeyuka mwanzo ni ile ncha ya korosho.

Ua la mlango chora nusu yake tu. Nakshi za milango ile zina pande mbili zinazotazamana, hakuna haja ya kuhangaika mara mbili. Ctrl+D kupata nakala, H kuigeuza, isogeze mpaka inase kwenye mstari wa katikati, kisha Ctrl na alama ya kujumlisha kuziunga ziwe umbo moja.

FundiPlota

Hapo kwa KalamuYaBezier nakubali nusu. Korosho ya nodi 5, sawa, chora kwa mkono. Lakini mtu akiwa na mwandiko wa brashi, au mchoro wa wino wenye mistari ya unene tofautitofauti, Trace Bitmap ndiyo njia, na itatoa kazi safi. Kinachoharibu ni picha inayoingizwa.

Kwanza, penseli haifai. Pitia mchoro kwa kalamu nyeusi ya wino kwenye karatasi nyeupe isiyo na mistari, ufute penseli. Skani kwa kijivu, dpi 600. Kama skana hakuna na ni simu, karatasi ilaze karibu na dirisha, zima fulashi, simama mbali kidogo halafu vuta kwa zumu. Ukiisogeza simu karibu mno lenzi inavimbisha katikati, na mstari ulionyooka unarudi umepinda. Kama karatasi imetoka imeegemea upande, kwenye GIMP Shift+P inainyoosha.

Ukiwa kwenye GIMP hapo hapo, fungua Levels iliyo kwenye menyu ya Colors. Pembetatu nyeupe ivute kushoto mpaka karatasi iwe nyeupe tupu, nyeusi ivute kulia mpaka wino uwe mweusi tupu. Halafu fanya jambo linaloonekana la kiwazimu: tia ukungu wa Gaussian wa pikseli 2, kisha ndiyo upige Threshold, inayofanya kila pikseli iwe nyeusi au nyeupe. Ule ukungu unayayeyusha meno ya pikseli, na Threshold inarudisha ukingo mkali lakini uliolainika. Hayo meno ya msumeno aliyoyataja dada huondokea hapa, kabla Inkscape haijaiona picha.

Kwenye Trace Bitmap, Brightness cutoff iache 0.45. Speckles ipandishe mpaka madoadoa yaishe, Optimize isogeze kidogo juu ya 0.2 inayokuja nayo, utaona nodi zinapungua. Njia mpya inawekwa juu ya picha ya zamani, mahali pale pale. Ukidhani hakuna kilichofanyika utabonyeza tena na tena, na utajikuta na nakala nne zimepandana. Hiyo nayo inagandisha kompyuta. Ibofye, isogeze pembeni, picha ya chini uifute.

Kama kweli wataka mstari mmoja wa katikati badala ya kingo mbili, Inkscape kuanzia 1.0 ina chaguo la centerline humo humo. Linafaa kwa michoro ya mistari mitupu, lakini kwenye makutano ya mistari huwa linaacha vijikono. Utavikata kwa mkono.

Mwanaleso

Nisemee pindo, maana hilo ni hesabu wala si kuchora.

Leso ni sentimita 150 kwa 110. Ukitaka pindo la sentimita 15, kila kona inakula mraba wa 15 kwa 15. Upande mrefu: 150 toa 30, zinabaki 120. Upande mfupi: 110 toa 30, zinabaki 80. Sasa tafuta kipande ambacho urefu wake unagawanya 120 na 80 bila baki. Sentimita 10 inafaa: vipande 12 juu, 12 chini, 8 kila ubavu, jumla 40. Sentimita 8 nayo inafaa, 15 na 10. Ukichagua 9, ndipo unapopata kile kipande nusu chako. Kona haichukui kipande cha kawaida, ichoree pambo lake, na pambo hilo lilingane pande zote mbili za mstari unaotoka pembe ya nje kwenda pembe ya ndani. Mji wako basi ni 120 kwa 80.

Chora kwa kipimo halisi. Ctrl+Shift+D, chagua milimita, ukurasa 1500 kwa 1100. Vekta, yaani mchoro wa mistari inayokokotolewa, si wa pikseli, haijali ukubwa, faili halinenepi kwa sababu ukurasa ni mkubwa.

Kipande chenyewe kianze na mstatili wa milimita 100 kwa 150 wenye rangi ya usuli na usio na mstari wa kando. Hilo nimelikoleza kwa sababu Inkscape inapima kitu pamoja na unene wa mstari wake. Mstari wa milimita 1 unaongeza nusu milimita kila upande, kipande kinakuwa 101, na kufikia cha kumi na mbili umezidi kwa milimita 12. Pambo liweke ndani ya mstatili, lisichomoze nje, kisha Ctrl+G.

Nenda Edit, Clone, Create Tiled Clones. Ulinganifu uwe P1, safu 1, nguzo 12. Kloni (nakala inayokifuata cha asili) ya kwanza itakaa juu ya kipande chako cha asili, kwa hivyo vitakuwa vitu 13, si 12. Kile cha asili kitoe nje ya ukurasa (kloni zikikifuata, zirudishe mahali pake), usikifute. Ukikibadilisha hicho, vyote vinabadilika. Safu ya juu ikishakaa, izidishe kwa Ctrl+D, igeuze kwa V uipeleke chini. Za ubavuni tengeneza safu ya 8 na uizungushe kwa Ctrl+].

Kistari cheupe sasa. Kingo za vipande viwili zikikutana katikati ya pikseli moja, kipande hiki kinaifunika nusu, na kile kinafunika nusu ya kilichobaki. Nusu na robo hazifiki moja, ile robo inayobaki ni weupe wa ukurasa unaochungulia. Ukikuza na kistari kikabaki chembamba vile vile, ni cha skrini tu, lakini ukitoa PNG kitaingia kwenye picha. Dawa: chini ya pindo zima laza mstatili mmoja wa rangi ya usuli. Kitakachochungulia kitakuwa rangi ile ile.

Pindo_na_Mji

Shukran sana. Korosho imekaa kwa nodi 5, siamini. Pindo limegawanyika, 12 na 8 kamili. Ila ua: nikiunganisha nusu mbili, kwenye petali ya juu katikati panatoka kincha kama cha sindano, na petali ya chini panaingia ndani kama kidonda. Nimejaribu Shift+S kwenye nodi ile, inalainika lakini ua linainama upande mmoja.

KalamuYaBezier

Mkono wa nodi ya katikati haujalala. Kwenye mstari wa katikati, ukingo wa nusu ya kushoto lazima uukate mstari huo kwa pembe mraba, la sivyo nusu ya kulia ikigeuzwa inaondoka kwa pembe iliyo kinyume, na hapo ndipo kincha kinapozaliwa. Rudi kwenye nusu moja kabla ya kuunganisha. Bofya nodi ya juu, ushike mkono wake huku umebonyeza Ctrl mpaka ulale kabisa. Fanya vivyo hivyo kwa ya chini. Kisha zidisha, geuza, unga. Shift+S baada ya kuunga si dawa, kwa sababu mikono miwili ilikuwa imekosea tangu mwanzo.

Au tumia athari ya njia iitwayo Mirror symmetry na utie alama kwenye Fuse paths. Utaona nusu ya pili ikijichora huku unahariri ya kwanza, na kincha kitaonekana mapema. Ukiridhika, Ctrl+Shift+C kuifanya njia ya kawaida.

BibiWino

Mmemsahau GIMP na kijani chake.

Kuganda kwa GIMP ni hesabu tu, mwanangu. Sentimita 150 kwa dpi 300 ni pikseli 17,717. Sentimita 110 ni 12,992. Zidisha, ni pikseli milioni 230, kila moja baiti 4 ukihesabu uwazi, hata kwa biti 8 tu: tabaka moja linakula MB 920. Weka matabaka matatu na historia ya kutendua, GB 4 zako zimekwisha na Windows bado haijapata chake. Leso nzima hatuichori GIMP. GIMP ni ya kusafisha picha iliyoskaniwa, na ya kuonyesha leso ikiwa imevaliwa au imetundikwa kwa ajili ya mteja. Kwa kazi hiyo toa PNG ya upana wa pikseli 2,000 kutoka Inkscape, inatosha na kubaki. Usitoe JPEG, kwenye rangi za bapa inaacha vumbi kandokando ya herufi.

Rangi. Skrini inatoa mwanga, wino unaunyonya. Kijani cha chokaa, buluu ya umeme na chungwa la kung'aa havina wino wa kuvifikia kwenye printa ya rangi nne, na Inkscape inafanya kazi kwa rangi za skrini. Kwa hivyo acha kuamini macho kwenye kioo. Chora mraba 12, kila mmoja kijani chake, kutoka kilichokoza hadi kilichochangamka, andika namba ya rangi chini ya kila mmoja, chapa ukurasa ule kwa printa ile ile na karatasi ile ile utakayoitumia. Chagua kwa kutazama karatasi, mchana, si chini ya taa. Namba utakayochagua ndiyo uitie kwenye mchoro. Kwenye dirisha la rangi, Ctrl+Shift+F, ifanye swatch, ili siku ukibadilisha mawazo uibadilishe mara moja na korosho zote zifuate.

Lakini kama nia ni nguo, mchezo ni mwingine. Ukichapa kwa skrini ya mchapaji (wavu uliokazwa kwenye fremu, si kioo cha kompyuta), kila rangi ina fremu yake. Kisutu cha nguo nyeupe kina nyekundu na nyeusi: fremu mbili, weupe ni nguo yenyewe. Ukija na rangi 9 na vivuli vinavyofifia polepole, mchapaji atakutajia bei utakayoikimbia. Angalia leso zilizotundikwa Biashara Street uhesabu rangi, utaona ni chache na bapa. Jipangie 3 au 4 tangu mwanzo. Kila rangi tabaka lake, na alama za msalaba kwenye pembe nne za kila tabaka, mahali pale pale, ili fremu zilingane. Rangi mbili zinapopakana, ile nyepesi iingie chini ya ile nzito kidogo. Kiasi gani, muulize mchapaji, maana kila meza ina mchezo wake. Ukiziacha zigusane tu, nguo ikisogea unywele mmoja, weupe unachungulia.

Na korosho uchore yako. Usipige picha leso ya mtu dukani ukaipitisha kwenye Trace.

FundiPlota

Naongezea la jina. Maandishi yakaguliwe tahajia kabla ya kitu kingine chochote, kisha uweke nakala ya faili ambayo bado inaandikika, ndipo uyageuze njia kwa Ctrl+Shift+C. Usipoyageuza, kompyuta ya mchapaji ikikosa fonti yako inatia yake, na HAKI YA MUNGU HAIPOTEI inatoka nje ya kisanduku chake. Herufi A na V zikifuatana zinaacha pengo. Weka kishale cha kuandikia katikati yake, Alt na mshale wa kushoto, mpaka mapengo yafanane kwa jicho.

Ukitaka jina hilo hilo likatwe stika ya tuktuk, jua kwamba plota, mashine ya kukatia stika, haioni unene wa mstari, inafuata njia. Mstari wa kando ugeuze umbo kwa Ctrl+Alt+C. Herufi za mwandiko zinazopandana ziunge kwa Ctrl na kujumlisha, la sivyo kisu kitakata katikati ya herufi pale zinapokutana. Na angalia nakala mbili zilizolaliana: kisu kinapita mara mbili, stika inang'oka.

Pindo_na_Mji

Nimeelewa. Swali la mwisho: nimetuma faili la SVG kwa WhatsApp, nikaambiwa limefunguka kwa kipimo kingine. Na kivuli nilichotia chini ya jina kimechapwa miraba miraba.

FundiPlota

SVG inasafiri vibaya. Inkscape inahesabu pikseli 96 kwa inchi, programu nyingine zinahesabu 72, na toleo la Inkscape kabla ya 0.92 lilihesabu 90. Tuma PDF, na pembeni ya mchoro chora mraba wa milimita 100 ulioandikwa "100 mm". Mchapaji ataupima kabla hajagusa kitu. WhatsApp itume kama dokumenti. PNG ukiituma kama picha inafinywa.

Kivuli ni athari ya ukungu, na PDF haina vekta ya ukungu, kwa hivyo Inkscape inaigeuza pikseli wakati wa kuhifadhi. Kwenye dirisha la kuhifadhi PDF kuna kisanduku cha dpi ya athari, kinakuja kimewekwa 96. Andika 300. Ila kwa leso kitoe kabisa hicho kivuli, BibiWino ameshakwambia habari ya fremu. Zidisha jina, nakala ya chini itie nyeusi, isogeze milimita 3 kulia na 3 chini. Kivuli kikali, fremu ile ile ya nyeusi uliyonayo.